Safari Moja, Kwenda na Kurudi

Mwalimu Bonface alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akiwafundisha watoto wa gredi ya sita kugawanya sehemu, simu yake ilipotetemeka juu ya meza. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Mara ya tatu aliichukua. Aliyepiga alikuwa Nyanchoka, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa Sori wanaouza omena, dagaa wa ziwani, na Nyanchoka hakuwa mtu wa kupiga simu ya porojo saa za biashara.

"Mwalimu, keti chini."

"Niko darasani."

"Basi keti hapo hapo. Mama Valary ameangukiwa na magunia huko Mwanza. Lori lilikuwa linapakiwa, kamba ikakatika. Mguu umevunjika mahali mbili, na mfupa umetoka nje. Yuko hospitali, anaongea, lakini daktari anasema lazima apasuliwe awekwe chuma. Si wiki ijayo. Sasa."

"Yesu wangu."

"Yesu yuko. Kile tunataka kutoka kwako ni ile karatasi. Hospitali inasema ikipata namba ya kava ya bima na kampuni ikubali, wanaanza leo. Bila hiyo wanataka elfu sitini kwanza, na ninaongea pesa za Kenya. Tuma ile karatasi ya mwaka mzima kwa simu yangu."

Watoto arobaini na mmoja walikuwa wameacha kuandika, wanamtazama.

"Nitatuma," akasema mwalimu.

"Na sikia maajabu. Nimeongea naye, unajua ananiambia nini? 'Achaneni na kava, tafuteni pesa.' Maumivu yamemchanganya, maskini. Tuma, mwalimu, tuma."

Simu ikakatwa. Mwalimu alirudi ubaoni akaandika jibu la hesabu, na jibu lilikuwa la makosa, na hakuna mtoto aliyethubutu kumwambia. Karatasi ya mwaka mzima haikuwepo. Haikuwahi kuwepo hata siku moja.

Chama cha Nyanchoka kiliijua bima kwa kuumia. Mwaka uliotangulia, mwenzao Mellen alipasuliwa kidole tumbo upande wa pili wa mpaka, akapona, halafu akakaa wodini wiki saba zaidi kwa sababu bili haijalipwa, akiosha sakafu ya watu wasiomjua. Aliporudi, wanawake waliapa: anayevuka kwenda kununua omena Tanzania avuke na bima. Frankline, wakala kijana mwenye ofisi yake Migori, akaja kuwafafanulia. Kuna bima ya safari moja, elfu mbili na mia saba, kwenda na kurudi, isizidi siku thelathini. Kuna ya mwaka, elfu kumi na mbili, unavuka mara utakazo. Leonida, mke wa mwalimu, ndiye Mama Valary, alivuka mara sita au saba kwa mwaka, na hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Hata hivyo alimpa mumewe elfu kumi na mbili mkononi, kwa sababu nyumba nzima ilijua kwamba mwalimu ndiye asomaye herufi ndogo.

Na kwa kweli alizisoma. Ila ofisi ya Frankline na duka la fundi wa nguo zinatumia baraza moja, na wakati ule watu walikuwa wametuma habari kwamba wanakuja kumposa Valary, binti yao. Suti pekee aliyokuwa nayo mwalimu ni ya harusi yake mwenyewe, iliyong'aa viwikoni na kukataa kufungwa tumboni. Aliingia kwa Frankline na pesa za mwaka mzima, akatoka na safari moja, akaingia mlango wa pili kupimwa suti ya kijivu, ya vipande vitatu. Hakuwa amemwibia mkewe, alijiambia, alikuwa amechelewesha tu. Leonida angerudi baada ya mwezi, mshahara ungekuwa umeingia, angemnunulia ile ya mwaka, na mambo yangekwisha salama bila mtu kujua.

Leonida akavuka. Siku ya tisa, mama yake mwalimu akafariki nyumbani kwao, ng'ambo kidogo ya Rangwe. Sasa, katika nchi ile, mama mkwe hazikwi mke wa mwanawe akiwa kwingine ananunua omena. Mwalimu ni mzee wa kanisa la Kisabato na haamini chira, ile laana ya kuvunja mila, ila alikuwa na shangazi wanne, na ndimi za shangazi wanne ni kitu anachokiamini sana. Leonida aliitwa. Akaacha pesa zake zote mikononi mwa wavuvi, akaja Jumanne, akapika, akalia, akalisha watu, wakazika Ijumaa kabla jua la Sabato halijatua, na Jumapili akarudi alikotoka.

Frankline alikuja matangani kutoa pole. Aliinama karibu na kiti cha mwalimu akasema, "Mwalimu, samahani kuongea mambo haya hapa. Mama amesharudi nyumbani, kwa hivyo ile safari imekwisha. Tarehe kwa karatasi isikudanganye. Kabla avuke tena, nipigie nifungue nyingine." Alisema kwa sauti ya chini, lakini Nyanchoka alikuwa kiti cha pili na kikombe cha uji, akageuza kichwa. Mwalimu akacheka ndani ya suti yake mpya. "Frankline, umechoka wewe. Yangu si ni ya mwaka mzima?"

Frankline alimtazama, akalitazama jeneza, akainuka akaenda zake. Matangani si mahali pa kumvua mtu nguo. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya mwalimu ilikuwa imetoka Migori, ikapita Rangwe, na sasa ilikuwa imefika Mwanza.

*

Alimwomba ruhusa mwalimu mkuu, na kabla ya saa nane alikuwa Migori, katika kile chumba chenye kalenda nne na kiti kimoja cha mgeni.

"Pole sana, mwalimu," akasema Frankline. "Nimesikia."

"Nisaidie."

"Niambie."

"Nifungulie ile ya mwaka leo. Nitakopa, nitalipa yote. Lakini uandike tarehe ya siku ile ya kwanza niliyokuja."

Frankline alivua miwani akaipangusa kwa shati. Alikuwa amewahi kufundishwa na mwalimu huyuhuyu, gredi zikiitwa bado madarasa, na aibu ya kumwambia mwalimu wako hapana ilimpanda hadi masikioni.

"Kompyuta ndiyo huandika tarehe, mwalimu. Na hata ningekuwa naandika mimi, hiyo ni jela. Niko na watoto wawili."

"Karatasi inasema mpaka tarehe tano mwezi ujao. Leo ni ishirini na nne. Siku ziko."

"Siku ziko. Safari ndiyo haiko." Alitoa nakala kwenye droo, akaigeuza, akaweka kidole kwenye mstari wa chini. "Soma hapo. Siku ile ni wewe ulinisomea mimi."

Mwalimu alisoma kimya. Bima itakoma msafiri atakaporejea nyumbani kwake, au siku ya thelathini itakapotimia, lolote litakalotangulia.

"Alirudi kuzika," akasema.

"Alirudi nyumbani, mwalimu. Bima haijui kuzika."

Nje, pikipiki zilipita. Mwalimu aliitazama nakala ile ikirudishwa kwenye droo na droo ikifungwa, na kitu alichouliza baada ya hapo kilimwaibisha kuliko kile cha kwanza, hata alipokuwa bado anakisema.

"Akina mama wakikuuliza, utawaambia nini?"

Frankline akavaa miwani yake. "Mambo ya mteja ni ya mteja. Mimi sitasema. Lakini wewe sema. Leo, mwalimu. Wakijua hakuna kava, watatafuta pesa leo. Mfupa uliotoka nje haungoji."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha huyu alikuwa mtu wa siri. Jambo hilo lilimpa mwalimu faraja, na faraja hiyo ndiyo iliyompoteza. Alipotoka barazani fundi aliinua kichwa kwenye cherehani. "Mwalimu! Ile suti inasemaje?"

"Inasema vizuri," akajibu.

*

Njia yote ya kurudi Sori aliupanga ukweli kama anavyopanga somo: utangulizi, mwili, hitimisho. Angesema, akina mama, nimekosa. Angesema, msiniulize mengi, tuchange kwanza. Alikuwa ameshaukariri hadi akaufikia ua wake, akawakuta wanawake kumi na watano wameketi kwenye viti vya sebuleni vilivyotolewa nje, na Valary akiwazungushia chai.

Valary alikuja kumpokea mkoba. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alisema kwa sauti ya kuwafariji wageni, "Si niliwaambia? Baba amefika. Baba yangu hachezi na karatasi."

Na somo lote likamtoka kichwani.

"Wamesemaje?" akauliza Nyanchoka.

"Kampuni imekataa," akasema mwalimu.

Lilikuwa neno la kweli kabisa, na katika yote aliyowahi kusema juu ya jambo hili, hakuna uongo uliokuwa mbaya kama ukweli huo.

Ua ukalipuka. "Imekataa nini? Kava ya elfu kumi na mbili?" "Hawa watu ni wezi wamefunga tai!" Mellen, aliyeosha sakafu za watu wiki saba, alisimama. "Huyo kijana alikunywa chai kwangu," akasema. "Aliniapia. Mellen, hautawahi kulala tena hospitali kama mfungwa. Aliniapia!"

"Kesho asubuhi tunaenda kwake," Nyanchoka akakata shauri. "Wote. Na masufuria tupige. Watu wa Migori wajue ni ofisi gani. Mwalimu, wewe utatangulia. Uvae ile suti, watu wa ofisi huogopa suti."

"Labda tuanze na kuchanga," mwalimu akasema, akitazama vidole vya viatu vyake.

"Kuchanga na kava iko? Tuwaachie pesa zetu? Hapana. Hao watalipa."

Valary alimpigia mama yake, akaweka simu juu ya meza ndogo ili wote wasikie. Sauti ya Leonida ilikuja nyembamba, ya mtu aliyepewa dawa.

"Mmepata pesa?"

"Pesa ya nini, Mama Valary? Kesho tunamvunjia Frankline ofisi. Kampuni yake imekataa."

Valary akaichungulia simu kuona kama imekatika.

"Msimguse Frankline," akasema Leonida. "Hana makosa."

"Basi makosa ni ya nani?"

"Baba Valary yuko hapo?"

"Huyu hapa, amesimama. Nimpe?"

Mwalimu alinyoosha mkono.

"Hapana," Leonida akasema. "Mnipigie kesho."

Wanawake walitikisa vichwa, wakasema dawa za kule ni kali. Mwalimu alibaki na mkono wake hewani, na alipoona Nyanchoka anautazama, akaurudisha mfukoni.

*

Asubuhi walikuwa thelathini na wawili. Masufuria yalianza kulia kabla hawajafika barazani, na waendesha bodaboda waliokuwa wakingoja abiria wakaacha kungoja, wakaja. Mwalimu alitangulia katika suti ya kijivu, vifungo vyote vitatu vimefungwa, kama alivyoagizwa. Fundi alitoka dukani kwake na futi shingoni, akaona kazi ya mikono yake inapita, akapiga makofi bila kujua kinachoendelea.

Frankline alikuja mlangoni.

"Rudisha pesa ya Mama Valary!" Mellen alipaza sauti. "Mwanamke analala na mfupa nje, na wewe umevaa tai! Mwizi!"

Neno hilo si neno la kutupwa ovyo mjini. Lilipokewa nyuma, na watu ambao hawakumjua Leonida wala bima. "Mwizi!" Mmoja aliinua simu kuchukua picha. Mwingine, mwanamume mwenye koti la mvua, aliinama, na alipoinuka alikuwa na jiwe. Frankline hakurudi ndani. Alimtazama mwalimu wake wa zamani, na hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja tu. Hatua mbili nyuma yake ilikuwa ile droo, na ndani ya droo ile nakala, na ingemchukua sekunde kumi kuileta akajisafisha. Hakuileta.

"Si yeye," akasema mwalimu.

Masufuria yalimmeza. Alisema tena, na mara hii Nyanchoka, aliyekuwa karibu, akainua mkono. Kelele zikapungua kutoka mbele kwenda nyuma.

"Unasema?"

"Si yeye. Sikununua ya mwaka. Nilinunua ya safari moja. Safari iliisha siku tulipomwita kuja kuzika mama, na Frankline aliniambia, nikamcheka." Utangulizi, mwili na hitimisho vilikuwa vimemkimbia, akabaki na kilichobaki. "Zile pesa zingine nilishonea hii."

Alishika ukosi wa koti kuwaonyesha, kana kwamba wangeweza kukosea ni ipi.

Hakuna aliyepiga kelele. Kelele angeziweza. Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akajiziba mdomo. Mwenye jiwe aliliangusha, akajifanya anatazama saa. Fundi alirudi dukani kwake polepole, akavuta mlango.

"Jana," akasema Nyanchoka. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, jana nilikuuliza mbele ya mtoto wako. Ungesema jana, usiku huu Mama Valary angekuwa amelala na chuma mguuni. Tungechanga jana."

"Ndiyo."

"Amelala usiku mwingine na mfupa nje kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya kitambaa?"

"Ndiyo."

Nyanchoka akageukia wenzake akawa mfanyabiashara tena. "Chama kiko na elfu thelathini za dharura. Tunahitaji sitini. Mwalimu, vua koti."

Kila mtu wa pande zile anajua mnada wa mchango. Kanisani kuku mmoja huuzwa mara kumi: anayemnunua humrudisha mezani, auzwe tena, mpaka paa la kanisa litimie. Kuku lakini hana aibu. Nyanchoka alisimama juu ya ngazi ya baraza na koti mkononi, akalikung'uta.

"Hili ni koti la kijivu, la mwalimu, limevaliwa mara mbili, kwa mazishi na kwa uongo. Nani anaanza?"

"Elfu mbili!" ikatoka nyuma, na watu wakacheka, na kicheko hicho kikaufungua mnada. Likaenda elfu tatu na mia mbili kwa muuza simu, naye akasema, "Nimerudisha kwa Mama Valary." Nyanchoka akamkabidhi mwalimu. "Livae. Watu waone mali." Akalivaa. Akageuzwa huku na huku, akavuliwa. Elfu nne, wanabodaboda kwa pamoja, wamerudisha. Livae. Mellen akalinunua elfu tano za mtaji wake wa wiki hiyo, pesa zilizonuka omena, akalirudisha bila kumtazama usoni. Livae, mwalimu. Mara ya tano mtoto mmoja wa gredi ya sita, aliyefuatana na mama yake wa chama, alikuwa amesimama mbele kabisa na mfuko wa sukari, kinywa wazi. Mwalimu alimwona. Akaingiza mkono kwenye koti, akapotea njia ya mkono, ikabidi Nyanchoka amsaidie kama mtoto.

Mara ya sita Frankline alisema, "Elfu kumi."

Alihesabu noti ofisini mwake, akampa Nyanchoka, akalichukua koti. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akaenda nalo hadi kwenye meza yake, akavuta droo.

"Hili halirudi," akasema.

Kufikia saa sita mchana pesa zilikuwa Mwanza. Kufikia jioni Leonida alikuwa amepasuliwa. Daktari alisema kama wangewahi siku moja kabla, kidonda kisingeshika usaha, na kwa sababu kilishika, walikata nyama kidogo zaidi. Atatembea, akasema daktari. Atachechemea.

*

Leonida alirudi Sori baada ya wiki tatu. Deni la hospitali lililobaki mwalimu alilichukulia mkopo wa mshahara, na uzee wa kanisa aliurudisha mwenyewe kabla hajaombwa. Siku aliyoletwa, wanawake wa chama walimbeba hadi kitandani, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka. Hakuna aliyemkosea mwalimu adabu. Walimwambia "asante kwa chai" kama wanavyomwambia mtu waliyekutana naye mara ya kwanza.

Jioni alichemsha maji, akaleta beseni. Kanisani, kila robo mwaka, kabla ya meza ya Bwana, alikuwa ameosha miguu ya wanaume wenzake tangu akiwa kijana. Ya mkewe hakuwahi. Alipiga magoti sakafuni akaanza na ule mzima, maana mwingine ulikuwa na bandeji na alama ndefu ya mshono iliyokwenda hadi gotini, na hakuwa na ujasiri wa kuanza nao.

"Suti iko wapi?" akauliza Leonida.

"Kwa Frankline."

"Nasikia iliuzwa mara sita."

"Mara sita."

"Ilikukaa vizuri. Siku ya mazishi nilikutazama, nikasema, huyu ni mume wangu." Alivuta shuka. "Wakwe wakija, vaa ile ya harusi. Nitaipanua kiunoni."

Mwalimu alisugua kisigino. "Pesa za mkopo zimebaki kidogo," akasema. "Nitakununulia ile ya mwaka. Kabla hujavuka tena."

"Hapana. Nitanunua mwenyewe."

"Mama Valary, nilidhani ningekununulia kabla hujajua."

"Nilijua."

Aliinua kichwa.

"Tangu matanga," akasema Leonida. "Frankline alikuja jikoni kunipa pole. Akasema, mama, safari yako imekwisha, mkumbushe mwalimu afungue nyingine. Nikamuuliza, nyingine ya nini, na mimi niko na ya mwaka? Akanyamaza. Nikaelewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema wapi? Mbele ya jeneza la mama yako? Shangazi zako wote wamekaa pale, wanasema umependeza?"

"Ungenunua basi. Wewe mwenyewe."

"Na pesa gani? Zangu zilikuwa kwa wavuvi, na zile za mfukoni zikaliwa na wageni wako. Lakini si hiyo, Baba Valary. Nilitaka uifungue wewe. Nikasema, mpaka Jumamosi jioni ataniambia. Hukuniambia. Nikasema, Jumapili asubuhi. Ulinisindikiza mpaka barabarani, ukanishikia mkoba, hukuniambia. Nikasema, basi, ameona haya, ataifungua kimya kimya, simu yangu italia."

Mwalimu aliikumbuka Jumapili ile. Aliporudi kutoka kumsindikiza aliitundika suti kwenye mlango ili isijikunje, na katika mfuko wa ndani mlikuwa na elfu tatu za rambirambi alizopewa na shangazi mmoja, zaidi ya bei ya safari moja.

"Pale Sirari, mpakani, niligongewa muhuri," Leonida akaendelea, kwa sauti ileile anayotumia kuuliza bei ya chumvi. "Nikasimama kando, karibu na wauza ndizi. Nikashika simu hivi, mkononi, nisikose kuisikia. Nusu saa nzima, nangoja ujumbe wa Frankline kwamba umenifungulia. Wenye lori wakapiga honi. Nikaenda."

Maji yalikuwa yamepoa. Mwalimu alikuwa bado ameushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, na hakujua auweke wapi.